Samaki Walibarikiwa Kabla Yetu

Maandiko: Mwanzo 1:20–22, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Habakuki 1:14–16, Luka 5:1–11

Jumapili iliyopita mahubiri yalipita muda, na Mchungaji Kiongozi akanitazama mara mbili kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Kwa hiyo kuna mambo niliyaruka. Hapa nimeandika yote, na wale mliokuwa ziwani au sokoni mtapata mlichokosa.

Nianze na sanduku la maombi. Kila Jumatano tukilifungua tunakuta yale ambayo kanisa lolote la Kenya hukuta: magonjwa, karo, ndoa, kesi ya shamba, mtoto aliyemaliza chuo na hana kazi. Lakini sisi tuko Homa Bay, na hapa kuna ombi lingine ambalo makanisa ya bara hayalijui sana. Samaki. "Pasta, omba ziwa lifunguke." "Ombea boti yetu, wiki ya tatu hii tunarudi na maji." Kuna mmoja hakuandika hata sentensi. Aliandika neno moja tu, Mbuta, akaweka sahihi.

Simcheki. Nyumba nyingi katika kanisa hili zinakula kutoka ziwani, na hata wewe unayeuza mitumba unajua: samaki wakikosa, hakuna anayenunua shati. Tukiomba hivyo, moja kwa moja tunakimbilia Luka 5. Petro amefanya kazi usiku mzima bila kitu, Yesu anamwambia arudi kilindini, nyavu zinajaa hadi zinataka kukatika. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi na nitalihubiri tena, kwa sababu Mungu wa muujiza bado yuko. Lakini angalia mambo mawili tunayoyapita haraka. La kwanza, Petro aliwaita wenzake wa boti ya pili wakachukua pamoja naye; hakunyamaza ili mali yote iwe yake. La pili, mstari wa 11, waliacha kila kitu ufuoni wakamfuata Yesu. Wale samaki wote! Mimi mtu niliyesomea biashara hapo huwa naumwa na tumbo. Muujiza haukuja ili Petro ajenge nyumba ya ghorofa.

Lakini leo nataka turudi nyuma zaidi ya Luka. Twende Mwanzo 1, mstari wa 22. Siku ya tano. Mwanadamu bado hayupo. Adamu ataumbwa kesho yake. Mungu anaumba viumbe vya majini na ndege, halafu anafanya jambo ambalo hajafanya tangu siku ya kwanza. Anabariki. Anawaambia wazae, waongezeke, wayajaze maji. Ile baraka ambayo sisi tunaililia katika kila mkesha, baraka ya kuongezeka, wa kwanza kuipokea walikuwa samaki, pamoja na ndege. Sisi tulikuja baadaye katika foleni. Mwambie jirani yako: samaki alibarikiwa kabla yako.

Sasa kama Mungu alisema samaki waongezeke, na Neno lake halirudi bure, mbona hawaongezeki? Hilo ndilo swali la mahubiri haya. Na ili nilijibu itabidi niwapeleke Rusinga.

Wengi mnajua nililelewa Nakuru. Baba alikuwa akifanya kazi huko, lakini kila Desemba, na Agosti kama pesa ilikuwepo, tulirudi nyumbani. Tulipanda basi la usiku hadi hapa Homa Bay, halafu matatu ya Mbita kwenye barabara ya vumbi, halafu tunavuka lile tuta la mawe kwenda kisiwani. Kabla hatujanywa chai, babu anauliza kama tumeleta ndoano. Baba alikuwa anazinunua mjini, dazeni mbili, anazifunga kwenye leso. Nadhani babu alizipenda zile ndoano kuliko sukari na majani ya chai tuliyombebea nyanya.

Tuliondoka kabla ya jua. Babu, baba, baba wadogo wawili, ndugu yangu mkubwa na mimi. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, kwa hiyo unakusukuma nje bila kazi nyingi. Alasiri unageuka na kukurudisha nyumbani. Babu alikuwa akisema Mungu amempa mvuvi nauli ya kwenda na kurudi. Boti ilikuwa ya mbao, inavuja kidogo kila wakati, na kazi yangu mimi mdogo ilikuwa kuchota maji kwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa juu. Nilichota maji nikiwa naimba. Mpaka leo nikisikia mkebe ukikwaruza mbao, nasikia njaa.

Kamba ya babu ilikuwa ndefu, yenye ndoano nyingi, kila moja na chambo chake, fulu au kambare mdogo. Walikuwa wameilaza jioni iliyotangulia, asubuhi tunaivuta. Na jamani, mbuta! Wengine walikuwa warefu kuliko mimi. Baba mdogo mmoja alikuwa akiwapiga kichwani kwa rungu kabla hawajavunja kitu ndani ya boti, halafu anaomba msamaha, sijui alikuwa anamwomba nani. Tukifika ufuoni, wanaume wawili walipitisha mti kwenye mashavu ya samaki mmoja wakambeba mabegani, mkia unaburuta mchanga. Nyanya alikuwa na utaratibu wake: kabla mnunuzi hajatoa mizani, yeye ameshachukua wa kwake, na wa majirani wawili wasio na boti. Babu alilalamika kila siku na hakumzuia hata siku moja.

Usiku ndio nilioupenda zaidi. Giza la mwezi likiingia, boti za omena zinawasha karabai, na ukikaa kwenye mlango wa nyanya unaona ziwa lina taa kuliko Nakuru mjini. Kwa kweli niliamini kuna jiji kule. Asubuhi omena wanaanikwa juani, ufuo mzima unang'aa kama bati jipya, na sisi watoto tunafukuza ndege kwa malipo ya viganja viwili vya omena wabichi. Mchana tunavua fulu kwa uzi na pini iliyokunjwa, tunawapa paka, na paka anachagua.

Nawaambia haya si kwa sababu ya kutamani utoto. Wale mlio na umri wangu, mliokulia ufuoni, mna hadithi nzuri kuliko hizi. Nataka mwone siku moja tu kati ya hizo.

Siku hiyo tulikuwa karibu na matete, maji ya kiuno, babu ana wavu mfupi wa ngege. Akatoa ngege mmoja wa kiasi. Akamshika chini, akamtazama mdomoni, na kabla sijauliza, vitu vidogo kama mbegu za nyanya zenye macho vikaanza kumtoka mdomoni na kudondoka majini. Watoto. Ngege jike hubeba mayai mdomoni, na yakianguliwa anaendelea kuwalinda humo humo. Hatari ikija wanakimbilia kinywani mwa mama. Kwa muda huo hali chakula vizuri. Babu hakusema kitu. Alimteremsha majini polepole, akamshikilia hapo chini kama unavyomshikilia mtoto anayejifunza kutembea, akangoja. Wale wadogo wakarudi, sijui wote au nusu, wakaingia. Ndipo akamwachia. Ndugu yangu akasema, "Babu, huyo alikuwa mboga." Babu akajibu, "Ndiyo. Ya mwaka kesho."

Babu hakuwa mlokole. Alikwenda kanisani Krismasi na kwenye matanga. Lakini nilipokuja kusoma Kumbukumbu la Torati 22 nikiwa mtu mzima, nilimkuta humo. Musa anasema ukikuta kiota njiani, mama ameketi juu ya makinda au mayai, unaweza kuchukua wadogo, lakini mama umwache aende. Na sababu anayoitoa ni hii: upate heri, na siku zako ziwe nyingi. Ahadi hiyo unaijua, ndiyo ile ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu ameweka ahadi ya maisha marefu katika jambo dogo kama kumwachia ndege aruke! Kwa sababu anayechukua mama amechukua na mwaka kesho.

Sasa nisimfanye babu malaika. Siku nyingine, akila mbuta tuliyemwona sisi kama mfalme, alisukuma sahani akasema huyu si samaki, ni nyama ya maji. Samaki kwake walikuwa ngege wa zamani, na ningu. Vijana, ningu mnamjua? Mnaona, hamumjui. Ningu alikuwa akipanda mito yetu mvua kubwa ikinyesha, Kuja, Sondu, Nyando, Nzoia, anakwenda kutaga mayai juu. Watu wakajua. Wakaweka nyavu kwenye midomo ya mito, wakawa wanamkamata akiwa njiani kwenda kuzaa, tumbo limejaa mayai. Babu alipotuhadithia, alikuwa anacheka kwa furaha: mlikuwa mnajaza boti kabla ya chai! Samaki wengi katika hadithi yake ni wale wale waliobeba ningu wa kesho. Kwa hiyo ule wingi niliouona mimi utotoni, kwa babu ulikuwa mabaki. Na yale mtoto wangu anayoyaona leo, kesho atayaita wingi. Hivyo ndivyo ziwa linavyopungua bila mtu kushtuka. Kila kizazi kinaanza kuhesabu pale kilipozaliwa.

Na msiseme hatukuonywa. Nyavu za kutega za kisasa zililetwa katika ghuba yetu mwaka 1905. Zikavuta ngege vizuri sana, na kufikia mwaka 1927 serikali ya wakati huo ilimleta mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, kupima hali ya ziwa. Alichopendekeza ni kifupi: jicho la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Inchi 5! Ndiyo namba ile ile maafisa wa uvuvi wanayogombana nayo ufuoni leo. Karibu miaka mia moja tunajua namba hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta akatiwa ziwani, akala fulu, mamia ya aina zake, halafu akafanya wingi wake mwenyewe, ule nilioukuta mimi.

Hapo biashara ikaingia, na mimi siipingi biashara. Viwanda vikajengwa Kisumu, magari ya barafu yakafika hadi ufuoni, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Pesa zikaja, watu wakajenga, watoto wakasoma, mimi mwenyewe karo yangu ya darasa la nane ilitoka kwenye mbuta wa babu. Lakini mnakumbuka kilichobaki sokoni? Mgongo wazi. Kichwa, mfupa na mkia. Nakumbuka nyanya akikaanga mgongo wazi kwa mara ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akigawa samaki mzima kwa majirani. Alikaanga kimya kimya. Siku hiyo hakuna aliyepelekewa.

Wacha nieleze kwa lugha niliyosomea. Una shilingi 100,000 kwenye sako, na sako inalipa asilimia 10 kwa mwaka. Mwenye akili anakula faida, shilingi 10,000, mwaka huu, mwaka ujao, na wajukuu wake watakula. Sasa jirani yake ana 100,000 pia, lakini kila mwaka anatoa 30,000. Mwaka wa kwanza ana maisha. Wa pili pia. Wa tatu, wa nne, bado anatoa 30,000 zake. Mwaka wa tano anakwenda kaunta anaambiwa zimebaki shilingi 7,898, faida ikiwa imeshaingizwa. Ziwa linalipa hivyo hivyo. Faida yake ni wale wanaozaliwa kila mwaka. Mtaji wake ni mama. Na nataka mwone jambo moja hapo: kwa miaka minne, yule anayekula mtaji ndiye anayeonekana amebarikiwa. Ndiye ana pikipiki mpya. Ndiye tutamwita hapa mbele atoe ushuhuda, na sisi tutapiga makofi.

Upungufu una bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Wamama wanaochuuza samaki wanaelewa. Boti zikiwa zimejaa, mama anapanga bei na mvuvi kwa heshima, shilingi kwa kilo. Zikirudi nusu tupu na wanunuzi ishirini wanangoja, mvuvi ndiye anachagua nani apate, na mnajua neno jaboya na mnajua lililetea nyumba zetu nini. Sitalieleza zaidi katika karatasi inayosomwa na watoto. Nasema tu kwamba dada aliye katika hali hiyo hatuhukumu mlangoni hapa, na mvuvi anayedai malipo hayo asinisalimie "Bwana asifiwe" kana kwamba hatujui.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nihubiri ujumbe huu. Miezi michache iliyopita ndugu mmoja wa kanisa alinijia jioni na gunia. Ndani mna wavu mpya, haujaguswa na maji, na chupa ya mafuta ya upako mkononi. Alitaka niuombee. Nikamwomba niuone. Ulikuwa ule wa uzi mmoja wa plastiki, mwembamba kama unywele, ambao ukipotea ziwani hauozi, unaendelea kuua samaki wasiokuwa wa mtu. Nikaingiza vidole kwenye jicho. Viwili vikaingia. Cha tatu kikakataa.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitakuombea wewe. Nitaombea boti, nitaombea mama watoto na watoto. Huu siuwekei mafuta."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alisema, "Pasta, nina wanne shuleni. Mwenye wavu wa inchi 5 anarudi na maji. Na hata mimi nikiacha, yule wa boti ya pili hataacha. Nitakuwa nimewaachia wengine tu." Akakunja wavu wake vizuri, akaurudisha guniani, akaniambia usiku mwema. Jumapili tatu hakuja. Mkewe anakuja, anakaa nyuma.

Katika Habakuki 1 kuna mtu anayevua watu kama samaki, nabii anamlalamikia Mungu juu yake. Mtu huyo akifanikiwa, anautolea wavu wake sadaka na kuufukizia uvumba, kwa sababu anaona ndio unaomlisha na kumnenepesha. Naliogopa andiko hilo. Mafuta yetu ya upako yanaweza kuwa uvumba huo. Mchungaji anayebariki chombo kinachovunja baraka ya Mwanzo 1:22 anamwomba Mungu ajipinge. Hatuwezi kuingia mkesha tukilia "Bwana, ongeza samaki," halafu alfajiri tukashusha wavu wa kuzuia wasiongezeke. Mungu asikie sauti gani, ya usiku au ya asubuhi?

Lakini Yakobo 2 nayo iko kwenye Biblia hii hii. Ukimwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, na hukumpa kitu, imani yako ni maiti. Kwa hiyo nilikwenda kwake. Sikwenda na mahubiri, nilikwenda na kalamu na daftari. Tukakaa nje tukapiga hesabu, na nawaambia ukweli, hesabu yake haikuwa ya mtu mwovu. Ilikuwa ya mtu aliyeishiwa Aprili.

Maana omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili wazae. Ni sheria nzuri, ndiyo sabato ya ziwa. Kwa mbuta nako kuna kipimo: chini ya sentimita 50 mwache, ni mtoto, zaidi ya 85 mwache, ni mama, na mama mkubwa wa mbuta hubeba mayai kwa mamilioni. Musa angeelewa sheria hiyo bila mkalimani. Lakini familia zinazotegemea omena hazifungwi matumbo Aprili. Muhula wa pili unaanza, duka linadai, na hapo ndipo mtu anapokopa kununua wavu wa magendo. Huyu ndugu alinunua wake kwa deni mwezi wa Mei. Anajua sheria kuliko mimi.

Na lile neno lake, kwamba akiacha yeye wengine watachukua, ni kweli. Chuoni tulilisoma kama tatizo kubwa la mali ya wote: kila mmoja akifanya kinachomfaa peke yake, wote wanakosa. Mtu mmoja hawezi kulitatua. Wala serikali peke yake. Mmeona nyavu zinachomwa ufuoni leo, kesho zimeingia nyingine kwa boda usiku. Linataka watu wanaofahamiana, wanaoonana kila wiki, wanaoweza kuulizana bila kuogopana. Nilipofika hapo katika kufikiri nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kanisa. Katika safu zetu kuna wenye boti, kuna wavuvi wa kuajiriwa, kuna wamama wa omena, kuna wanaouza nyavu pia, nawaona. Petro aliwapungia mkono wa boti ya pili. Nasi boti ya pili iko humu humu ndani, imekaa mstari wa tatu.

Basi baraza la wazee limekubali tujaribu hivi. Kuanzia Agosti hadi Machi, kila anayevua au kuchuuza omena atakayejiunga anaweka shilingi 100 kwa kila usiku wa kazi. Tukikadiria usiku 20 kwa mwezi, miezi minane ni shilingi 16,000, yaani shilingi 4,000 kila mwezi katika ile minne ya kufungwa. Si nyingi. Ni unga, mafuta na sehemu ya karo, na ni kutokwenda kwa mkopeshaji. Sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi itaongezwa humo kwa wajane na wavuvi wasio na boti. Pesa zitakuwa benki, sahihi tatu, na mimi si mmoja wa hao watatu. Mchungaji asishike daftari na mafuta ya upako kwa wakati mmoja. Mwenye wavu wa jicho dogo akiuleta, kikundi kitamsaidia kununua wa halali kwa kulipa polepole, na ule wa zamani utakatwa vipande hapo hapo, kina mama wazungushie mboga kuku wasiingie.

Tutakutana Ijumaa saa kumi jioni katika chumba cha Shule ya Jumapili. Mwenyekiti wa BMU ameahidi kuja na rula. Nimezungumza naye, siku hiyo hakuna atakayeandikwa jina wala kuulizwa wavu aliununua wapi. Wamama wa omena, mje na vitabu vyenu vya hesabu, kwa sababu nyinyi mnajua bei za mwaka mzima kuliko wanaume. Ndugu yangu wa gunia, nimemwambia mama watoto nafasi yako ipo. Idara ya Wamama imekubali kupika chai. Kuhusu mandazi bado tunajadiliana.